Sahani ya Peke Yake

Mume wangu alikuwa na tabia ya kupima mikono ya watoto wa watu. Jumapili mchana, ibada ya Kiswahili ikishamalizika katika ukumbi tuliokodishiwa na kanisa la Waingereza pale Lozells, Birmingham, wanaume wenzake walisimama nje kubishana mambo ya mpira. Yeye alikuwa amechutama mbele ya mtoto yeyote aliyekaa karibu, anatoa mfukoni utepe wa plastiki wenye rangi tatu, anauzungusha juu ya kiwiko cha mtoto, anasoma, anafurahi peke yake. Rangi ya kijani maana yake mtoto ni mzima, njano ni hatari, nyekundu ni mbio za hospitali. Watoto wa Birmingham walikuwa kijani wote, wengine kijani na nyongeza. Wazazi wa Kikongo walimwachia kwa sababu walimjua tangu kwao. Sisi Wakenya ndio tuliokuwa na shida naye. Mama mmoja, nesi, mtu wa kwetu kabisa, alimwondoa mwanawe mikononi mwake akisema, "Dokta, huyu si wa kupimwa, huyu ni wa kufungiwa friji."

Alikuwa daktari wa lishe. Kabla vita havijamsukuma kuvuka mpaka, alisimamia wodi ya watoto wenye utapiamlo huko Uvira, mashariki mwa Kongo. Tulikutana Nairobi, yeye akiwa mkimbizi mwenye shahada na mimi nikiwa msichana mwenye mdomo, na mpaka leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichotuunganisha. Tulipofika Birmingham, yeye kwa masomo na mimi kwa kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja kubwa ya Moseley, nilidhani ule utepe ungebaki ndani ya sanduku. Wapi.

Ndipo wenzake wa zamani wakamtafuta kutoka wizarani Kinshasa. Nchi ilikuwa inajikongoja kutoka vitani, huku mashariki bado kunawaka, na serikali ilikuwa inaandaa mpango wa taifa wa kupunguza utapiamlo. Walimtaka aandike sura ya ulishaji wa watoto wadogo. Sura hiyo ilihamia kwetu kama mpangaji asiyelipa. Ilikalia meza ya jikoni kuanzia masika, na mimi nikawa nakatia vitunguu kwenye ukingo wa sinki kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi. Aliandika kwa Kifaransa, kisha akanisomea kwa Kiswahili, maana alishikilia kwamba jambo lisilosemeka kwa Kiswahili hakuna mama wa vijijini kwao Fizi atakayelifanya.

"Hapa umesema 'mlo anuwai'," nilimwambia siku moja. "Mlo anuwai ndio nini?"

"Ni chakula cha namna mbalimbali, chérie."

"Basi sema chakula cha namna mbalimbali. Anuwai hailiwi."

Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akalikata neno. Nilimpenda sana kwa hilo. Nimewaona wasomi wengi wanaokuuliza maoni ili uwasifu, na huyu wangu aliuliza ili abadilishe.

Alikuwa na kipimo chake kimoja kwa kila alichoandika. Mpango wa nchi yenye vita, alisema, sharti uwe kitu ambacho mama anaweza kukimbia nacho. Akakata bustani za mboga zinazotaka msimu mzima wa amani. Akakata mizani mikubwa ya zahanati, kwa sababu waporaji huanza na mizani. Akabakiza maziwa ya mama, uji wenye karanga, ndagala, yaani dagaa, waliosagwa, mafuta ya mawese, na maarifa, ambayo hayana uzito kichwani. Juu kabisa ya sura, kabla ya yote, aliweka sentensi aliyoipenda kama mtoto wake: kila mtoto mdogo apewe sahani yake mwenyewe.

Kwangu mimi sentensi hiyo haikuwa na maajabu. Nyumbani kwetu, kule Kenya, mama yangu alipakua na kila mtu akabeba sahani yake, mwisho wa habari. Nilipomwambia hivyo alikasirika, naye alikuwa mtu asiyekasirika ovyo. Kwao Uvira walikula wote kwenye sinia moja, ndugu wengi, na yeye alikuwa kitinda mimba. Bugali, ndio ugali wetu, ukiwekwa katikati, wakubwa walikuwa na vidole virefu na koo zisizoungua. Alipofikisha tonge kwenye samaki, samaki alikuwa ameshakuwa miiba. Baadaye, wodini, aliwaona vitinda mimba wenzake wakiletwa na mama zao, wengine kutoka katika nyumba ambazo chakula hakikukosekana hata siku moja. "Sahani yake mwenyewe," alisema, "ni mpaka. Mkubwa hawezi kuuvuka." Basi nikaacha kumtania juu ya sentensi ile, kwa muda.

Mwaka huohuo dada yake mkubwa alipokelewa Uingereza kama mkimbizi, kutoka kambi moja ya Kigoma. Alikuja na mtoto wa kike wa marehemu kaka yao, ambaye mama yake pia alifia kambini. Walikuwa wameahidiwa nyumba mtaa wa Hodge Hill, lakini ilikuwa bado inapakwa rangi, kwa hiyo wakakaa kwetu. Wifi yangu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitenge na sweta la kiume, anayeingia chumbani kama anayekuja kukagua. Mtoto alikuwa na umri wa kutosha kusema kila kitu, lakini alisema kidogo. Alikuwa mdogo kuliko umri wake. Hata mimi, nisiye na utepe, niliona.

Mume wangu hakungoja mtoto avuliwe koti. Alimtoa mkono mmoja wa koti, akazungusha utepe, akasoma. Kisha akacheka kicheko kikubwa cha uongo, akamnyanyua mtoto juu, akamwita malkia. Jikoni akaniambia: njano, tena inayoelekea nyekundu.

Akapelekwa hospitali, akatolewa damu, akapigwa picha ya kifua. Hakuna ugonjwa. Muuguzi wa watoto, Mjamaika mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akaja nyumbani na mizani yake, akapima, akaweka nukta kwenye chati, akatueleza bila kuzungusha: asipoanza kula na kuongezeka mpaka ziara ijayo, atalazwa na kulishwa kwa mpira unaopitishwa puani. Mume wangu alikuwa amewapitishia watoto wengi mipira hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Sikuwahi kumwona akipauka vile.

Siku hiyohiyo alishuka mjini akarudi na sahani ya plastiki ya buluu, ina picha ya bata, pamoja na kijiko na kikombe vinavyofanana nayo. Akafunga aproni. Akapika mwenyewe sombe ya majani ya muhogo yenye karanga, ndagala wa kusaga, yai la kuponda ndani ya viazi. Akampandisha mtoto juu ya mto kwenye kiti, akamwekea sahani mbele yake kwa heshima ya mhudumu wa hoteli. "Hii ni yako peke yako, malkia. Hakuna atakayeigusa."

Mtoto alitazama sahani. Akasema "aksanti." Akaweka mikono mapajani, akangoja mpaka chakula kikapoa na sisi tukaondoka.

Ikawa hivyo kila siku. Hakulia, hakurusha kitu, hakufanya kituko hata kimoja. Alikubali maziwa kutoka mkononi mwa shangazi yake, na biskuti aliyoipata wakati anatembea, kama ndege. Lakini akikalishwa mbele ya sahani ile, kinywa kilifungwa. Mume wangu alibadilisha kila kitu. Alipika wali, akapika uji, akapika tambi zenye sosi kwa sababu mtu wa kanisani alimwambia watoto wa hapa hawakatai tambi. Alibadilisha chumvi, alibadilisha saa, alimwimbia. Nilirudi kutoka Moseley, ambako nilikuwa nimeshinda nikiwabembeleza wazee wa watu kufungua midomo, na kumkuta wangu amepiga magoti sakafuni anambembeleza bata wa plastiki.

Wifi yangu ndiye aliyepasuka kwanza. "Unamutenga mutoto," alimwambia mdogo wake, amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. "Muweke hapa na mimi, tukule pamoja. Kwetu nani anakula peke yake? Mugeni. Uyu ni mugeni?"

"Akila na wewe, dada, nitajuaje amekula kiasi gani?"

"Utaona ku macho!"

"Muuguzi haandiki macho. Na mimi najua sinia. Nimekulia kwenye sinia, ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nani alikuwa anakusogezea samaki upande wako, kila siku?"

"Hakuna aliyenisogezea."

Wifi aligeuka akaondoka mlangoni. Nilimwona akienda sebuleni na kukaa na kuangalia televisheni iliyozimwa. Nilijua hakuna uongo kwa yeyote kati yao: dada alisogeza, na mdogo hakufikiwa, kwa sababu katikati palikuwa na vidole vingi. Lakini nani angetangulia kulisema hilo? Nyumba ilikuwa ya mume wangu na taaluma ilikuwa yake, na yule mwanamke, aliyewavusha watu ziwa zima kukimbia vita, alinyamaza kwa adabu ya mgeni. Jambo hilo lilinichoma. Nilimwambia mume wangu jioni hiyo kwamba ana kichwa kigumu, na akakubali, na asubuhi akapika tena.

Huku nyuma Kinshasa walikuwa wakisubiri sura. Ilikuwa imekamilika, wafadhili walikuwa wameisoma, na sentensi waliyoisifu kuliko zote ni ile ya juu. Rahisi, walisema, haina gharama, inapimika. Alinisomea sifa hizo kwa sauti ndogo, huku akitazama mlango ambao nyuma yake mtoto alikuwa amekaa na mikono mapajani.

Jumamosi, jua likiwa bado dirishani, nilimwogesha. Napenda kuogesha watoto, ndipo hujisahau. Nilimpaka povu kichwani, nikamfanyia pembe mbili za ng'ombe, akatabasamu. Nikauliza kama mtu asiyejali jibu, "Kwani baba mdogo hajui kupika?"

"Anajua."

"Basi mbona unamwachia chakula chake?"

Alichezea maji. "Mi siko mugonjwa," akasema.

"Nani amesema wewe ni mgonjwa?"

"Mama walimupatia sahani yake. Na kikombe yake. Na kijiko yake. Banasema tusiguse." Alisema bila huzuni, kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Kisha akakufa." Halafu akanitazama usoni, pembe za povu zikimtelemka, akaniuliza, "Mimi nitakufa nikimaliza yote, ao nikianza tu?"

Nilimtoa majini nikamkumbatia na povu lake, nikalia begani mwake nikiwa nimemshika kwa nguvu kuliko inavyofaa, mpaka akaniambia nimemlowesha wakati yeye ndiye aliyekuwa amelowa. Nikamwambia hatakufa. Nikamwambia sahani ile baba mdogo aliinunua kwa sababu ya bata. Akanisikiliza kwa upole, jinsi mtu anavyomsikiliza mkubwa anayejaribu.

Wifi alipoulizwa alijishika mdomo kwa kitenge. Ndiyo, ilikuwa kifua kikuu. Wahudumu wa zahanati ya kambini waliwaambia vyombo vya mgonjwa vitengwe, na ni yeye mwenyewe aliyevitenga, akaviosha peke yake, na mtoto alikaa nje ya pazia. Tena hata kabla ya zahanati, kwao ndivyo ilivyokuwa: mtu akizidiwa, anapakuliwa pembeni. "Nilizani alikuwa mudogo sana," alisema. "Nilizani haoni."

Mume wangu alisikia yote akiwa amesimama na mwiko. Akaenda kukaa kwenye ngazi. Nikamfuata, maana ngazi zetu zilikuwa nyembamba na mtu hawezi kuzikalia kwa muda mrefu bila kuzuia nyumba nzima. Alikuwa na macho mekundu.

"Nilikuwa ninamuwekea mauti mezani kila siku," alisema. "Na bata."

"Ulikuwa unampenda."

"Bon. Nilikuwa ninamupenda." Akafuta miwani kwa aproni, ikazidi kuchafuka. "Lakini fikiria, chérie. Kwetu ni watoto wangapi wameshaona sahani ya namna ile? Miaka yote hii ya kipindupindu na vifua na kambi. Na mimi ninawaandikia nchi nzima."

Akasimama, akavaa koti, akaenda kwa Mpakistani wa kona kununua kadi ya simu. Alipiga Kinshasa akiwa amesimama kwenye ukumbi wetu mdogo, kidole kwenye sikio la pili, akipaza sauti kama wote wa kizazi kile walivyofanya kwenye simu za mbali. Aliomba sura isimamishwe. Upande wa pili alikuwa rafiki yake wa tangu chuoni, na alimkatalia kwa mapenzi yote: mkutano wa kupitisha mpango umekaribia, miongozo ya dunia nzima inasema sahani yake mwenyewe, na nchi haiwezi kungojea mtoto mmoja wa Birmingham.

"Siyo wa Birmingham!" mume wangu alinguruma. "Ni wa kwetu! Yuko Birmingham tu!"

Hapo kadi ikaisha. Alitazama simu kwa hasira ya mtu aliyekatizwa na Mungu, nami nikamtuma mwenyewe arudi dukani akachukue nyingine.

Walibishana hivyo majuma mengi, na nitasema ilivyoishia ili nisiwaning'inize. Sentensi yake ilitolewa juu ya sura, kwa ombi lake yeye aliyeiandika, jambo lililowashangaza wote. Mahali pake pakawekwa nyingine ndefu zaidi, isiyopendeza: kwamba mtu mzima akae na mtoto wakati wa kula na amlindie fungu lake, iwe katika sahani yake au ya pamoja, kadiri familia inavyoona ni heshima. Mkutano ulikata "heshima" ukaweka "mazingira". Alilililia lile neno moja kama mtu aliyefiwa. Mimi nilimwambia mama wa Fizi atalirudisha mwenyewe.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jumapili ile, baada ya kanisa, ziara ya muuguzi ikiwa imekaribia na sisi sote tukijua, wifi yangu alichukua jiko bila kuomba ruhusa ya mtu. Akasonga bugali, akaunga ndagala kwa nyanya, akapasha sombe. Nikatandika shuka sakafuni sebuleni na kuleta sinia langu kubwa la chapati. Tulikaa wanne kuzunguka sinia, magoti yakigusana. Wifi alikuwa ametoa amri moja tu tukiwa jikoni: hakuna kumtazama mtoto.

Kutomtazama mtu ni kazi ngumu. Mume wangu alianza kueleza mechi ambayo nina hakika hakuiona. Mimi nikauliza maswali kuhusu mechi, mimi nisiyejua goli ni upande gani. Tulikula kwa kelele, tukasifu, tukagombania makusudi, wifi akampiga mdogo wake kofi la mkono alipovuka upande wake, naye akalalamika kama kitinda mimba hasa. Nikaona kwa pembe ya jicho ndagala wakisogezwa, mmoja mmoja, na kidole cha shangazi, kuelekea upande ambapo hapakuwa na tonge lililoguswa.

Kisha mkono mdogo ukaingia.

Mume wangu hakusita katikati ya sentensi. Alifunga goli, akalifunga tena, machozi yakimwingia mdomoni. Mtoto akamuuliza analia nini. "Pilipili," akasema, na hapakuwa na pilipili hata punje. Tonge la pili likaenda, na jingine. Tukazidi kula ili asije akaona anakula peke yake, tukala kwa bidii, tukala kupita njaa, mimi tumbo likiniuma, tumekodoa macho dirishani kama watu wanaosubiri mvua.

"Kuko ingine?" mtoto akauliza.

Tukatazama chini. Sinia lilikuwa jeupe. Nikakimbilia jikoni, sufuria ilikuwa imekwanguliwa, sombe imekwisha, ndagala wamebaki harufu. Watu wazima watatu, mmoja wao mwandishi wa sura ya ulishaji katika mpango wa taifa, tulikuwa tumemlia mtoto chakula chake chote.

"Mayai!" mume wangu akapiga kelele. "Mkate! Samaki wa kopo!" Akatoka mbio kwa ndala, bila koti, mlango ukabaki wazi na baridi yote ya Lozells ikaingia. Wifi alicheka mpaka akaegemea ukuta, cheko ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Nilipata hofu kwamba hamu ya mtoto ingepita kabla mume wangu hajarudi, kwamba tumeupoteza wakati wenyewe kwa ulafi wetu wa mapenzi. Wifi naye nadhani aliwaza hivyo, kwa maana aliacha kucheka, akajifuta macho, akaleta bakuli la maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaunyosha mkono wake aushike ule mkono mdogo wenye mabaki ya bugali.

Mtoto aliuficha nyuma ya mgongo.

"Usininawishe, shangazi," alisema, akiutazama mlango. "Sijamaliza."